Ukimwona mtu akiiba supamaketini, umwambie nani?

Swali: Wakili, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm, Nairobi. Jumamosi mbili zilizopita jioni nilikuwa kwenye supamaketi moja huku Eastlands, watu wamejaa. Kwenye rafu ya vitu vya watoto, kwenye kona isiyo na mhudumu, nikamwona mama mwenzangu akichukua kopo la maziwa ya mtoto na kulipenyeza ndani ya leso aliyomfungia mtoto kifuani. Nilikuwa na simu mkononi, nikampiga picha, sijui hata kwa nini. Halafu macho yetu yakakutana. Nikageuza uso, nikaenda zangu kulipa. Mume wangu anasema ningepiga nduru, maana wezi ndio wanaotupandishia bei. Dadangu anasema ningekuwa nimemchomea maskini wa Mungu bure. Jirani naye anataka nimpe ile picha aiweke kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, nilikosea kunyamaza? Na sheria inasemaje kuhusu mtu aliyeona asiseme?

Jibu: Dada, ningependa ungesema. Ungesema mapema, kwa sauti ya chini, na kwa mhudumu wa rafu aliye karibu zaidi. Mume wako anakosea kuhusu nduru, na kosa lake ni kubwa kuliko lako. Dadako ana huruma ya kweli, ila anadhani kutoa habari na kumpeleka mtu jela ni jambo moja. Ile picha nitaifikia mwishoni, lakini jirani asiipate kabla hujamaliza kusoma.

Nianze na sheria, kwa kuwa uliiuliza moja kwa moja na kwa kuwa watu wengi, hata waliosoma, huwa na uhakika kwamba mtazamaji hadaiwi chochote. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, ina kifungu cha 392. Kinasema kwamba mtu anayejua kuwa mwenzake amepanga kutenda kosa kubwa, au yuko katika kulitenda, kisha asitumie njia zote zinazofaa kulizuia, naye ana hatia. Kosa kubwa katika sheria yetu ni lile lenye kifungo cha miaka 3 au zaidi. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, una kifungo kinachoweza kufika miaka 3, hata kama ni wa kopo la maziwa. Kwa hiyo kwenye karatasi, dada, sheria inakugusa.

Lakini usishtuke. Katika miaka yangu yote ya kusimama mbele ya mahakimu Makadara na Kibera, sijaona mnunuzi akifikishwa kizimbani kwa sababu alimwona mtu akiiba supamaketini akanyamaza. Nimekitaja kifungu hiki kwa ajili ya maneno mawili yaliyomo, maana ndiyo yanayobeba jibu la swali lako. La kwanza ni "anayejua". La pili ni "njia zinazofaa".

Ulijua nini hasa? Uliona kopo likitoka kwenye rafu na kuingia ndani ya leso. Kifungu cha 268 kinaeleza wizi kuwa ni kuchukua kitu kwa nia ya udanganyifu, bila haki ya kukichukua. Kukichukua kunatimia pale kitu kinaposogezwa, hata hatua moja. Kwa hiyo inawezekana wizi ulikuwa umekamilika mbele ya macho yako. Nia, hata hivyo, haionekani kwa macho. Ndiyo maana walinzi wenye uzoefu hawamgusi mtu hadi apite keshia bila kulipa, kwa sababu kabla ya hapo anaweza kusema mikono ilikuwa imejaa, na huenda anasema kweli. Fikiria pia jinsi tunavyonunua siku hizi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 28, 2017, watu huja na mifuko yao ya nyumbani. Wengine huweka vitu humo wakizunguka dukani, kisha huvitoa vyote wakifika kwenye kaunta. Mama mwenye mtoto kifuani, kikapu mkono mmoja na simu mkono mwingine, anaweza kuegesha kopo popote linaposhika.

Hili nalisema kwa uchungu. Kabla sijasomea sheria nilifanya kazi miezi kadhaa kwenye chumba cha kamera cha duka moja kubwa katikati ya jiji. Jioni moja nilimwona kwenye skrini mwanamume akitia kitu mfukoni karibu na rafu ya nyembe. Nikachukua redio ya mkononi, nikasema, "Yule wa koti la kijivu." Maneno matano tu. Walimkamata mlangoni, wakampeleka stoo, na nilipofika huko nilimkuta ameketishwa sakafuni kati ya magunia ya sukari, shavu limevimba, sandali moja imekatika kamba. Alipoamriwa kutoa vyote vilivyokuwa mfukoni, pakiti ya nyembe ilitoka pamoja na risiti ya duka la jirani, ya saa ile ile. Alikuwa ameitoa mfukoni kulinganisha bei, akairudisha. Mimi niliona mwisho wa tendo tu, sikuona mwanzo. Hakuna aliyemwomba msamaha kwa sauti ya kusikika. Aliokota vitu vyake akaondoka bila neno, akiburuta ile sandali. Nikimwandikia mtu yeyote kuhusu kutoa habari za mwizi, huyo ndiye ninayemfikiria kwanza.

Funzo nililotoka nalo ni kwamba shahidi aseme alichoona na aishie hapo. Ukisema "yule ni mwizi", umeshatoa hukumu, na hukumu hiyo itamtangulia yule mama hadi mlangoni. Ukisema "nimemwona mteja wa rafu ya maziwa ameweka kopo ndani ya leso", umesema ukweli wote unaoujua na hujaongeza hata punje. Kama alikuwa anakwenda kulipa, hujamdhuru. Kama hakuwa anakwenda kulipa, duka limeshajua.

Sasa njia zinazofaa. Kila duka lina wahudumu wa rafu, vijana waliovaa aproni au fulana yenye nembo, wanaopanga bidhaa na kuwaonyesha wateja vitu vilipo. Mwendee mmoja wao, si mlinzi wa mlangoni, umnong'oneze ulichoona. Mhudumu aliyefunzwa vizuri hatamrukia mtu. Atamsogelea na kumwambia, "Mama, nikuletee kikapu? Naona umelemewa na mtoto." Basi. Wezi wa nafasi, wale walioona mwanya wakashawishika, wengi hurudisha kitu wakishajua kuwa wameonekana. Kopo linarudi kwenye rafu au linaingia kikapuni. Hakuna polisi, hakuna kofi, na mtoto hakushtuka usingizini. Umelinda mali ya duka na umemlinda yule mama dhidi ya jioni mbaya kuliko zote za maisha yake.

Wakati ndio unaoamua kila kitu hapa. Ukisema akiwa bado kwenye rafu, unazuia wizi. Ukisubiri hadi afike mlangoni, utakuwa umemkamatisha. Dadako anaogopa hilo la pili, na ana haki ya kuliogopa. Hajui tu kwamba lipo la kwanza.

Ipo njia nyingine, nami naitaja kwa tahadhari. Ulikuwa umeonana naye uso kwa uso. Kama una uwezo na moyo umekutuma, ungeweza kumsogelea mkiwa wawili na kumwambia, "Mama, liweke kwenye kikapu changu, nitalipa." Nimewahi kusikia wanawake waliofanya hivyo. Ila usifanye mbele ya watu wengine, na usifanye kama huna hakika, kwa sababu kumtolea msaada wa namna hiyo mtu ambaye hakuwa anaiba ni kumvunjia heshima hadharani.

Kuhusu nduru. Mume wako ni Mnairobi, anajua kinachofuata neno "mwizi!" likipigwa kelele mahali penye watu wengi. Kwenye korido ya supamaketi huenda ikawa makofi na mateke. Nje, kwenye steji ya matatu, kuna mawe, na kuna watu wasiojua kama kilichoibwa ni kopo au bunduki, ambao hawatauliza. Magazeti yetu huwaita "wananchi wenye hasira", kana kwamba hasira inawapa ruhusa. Haiwapi. Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na hakimtoi mshukiwa wa wizi. Sheria ya taratibu za kesi za jinai, Sura ya 75, kifungu cha 34, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa la aina ambayo polisi huweza kukamata bila hati. Kifungu cha 35 kinamwamuru amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ruhusa inaishia hapo. Anayempiga aliyekamatwa anatenda kosa lake mwenyewe, na aliyepigwa akifa, waliompiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji. Mwambie mume wako kwamba bei ya maziwa haikuwa kitu pekee kilichokuwa kwenye mizani jioni ile. Mle ndani ya leso mlikuwa na mtoto.

Tuseme mama yule angekamatwa. Unastahili kujua kinachofuata, maana hofu ya kutokujua ndiyo inayowanyamazisha watu wengi. Mlinzi anaweza kumzuia hadi polisi wafike. Hana mamlaka ya kumpiga, kumvua nguo, kumpiga video akiwa amepigishwa magoti, wala kumfungia stoo usiku kucha. Kuna maduka yenye mazoea ya kumwambia mtu, "Lipa mara kumi tuyamalize." Hilo ni baya kwa pande zote. Kupokea fedha ili uufiche wizi ni kosa lenyewe katika Kanuni ya Adhabu, na zaidi ya hayo linawafundisha walinzi kuwawinda wanyonge wenye ndugu wa kuchangisha. Njia ya haki inapita kituoni. Habari inaandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, na unapewa namba yake. Mshukiwa lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiisha siku au saa ambazo mahakama haikai, ndipo huletwa siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Anaweza kuachiliwa kwa bondi ya polisi, na bondi hiyo ni bure. Anayekudai ada ili uipate anakuomba hongo.

Mahakamani, kopo moja, mtu asiye na rekodi, mama mwenye mtoto anayenyonya: hakimu ana nafasi ya kutosha ya kuwa na utu. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu kumwachilia mtu bila adhabu au kwa masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu kumpa kazi ya umma badala ya kifungo kwa makosa ambayo adhabu yake haizidi miaka 3, na wizi huu umo. Mwenye duka pia anaweza kuomba kesi iondolewe, mahakama ikikubali. Hata hivyo sitakudanganya. Wapo wanaoshindwa dhamana ndogo na kusubiri kesi wakiwa kwenye gereza la wanawake la Lang'ata, wengine pamoja na watoto wao, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 4 huruhusiwa kukaa na mamake gerezani. Ndiyo maana nasisitiza sana ile hatua ya mwanzo, ya kikapu na mhudumu. Mambo yakishatoka kwenye rafu hayako mikononi mwako tena.

Huruma yako imemwendea mama yule peke yake, na hapo nataka tukae kidogo. Kuna kijana aliyepanga makopo yale. Katika maduka mengi, hesabu ya stoo ikipungua, wahudumu wa sehemu hiyo hukatwa mshahara wagawane hasara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki pale tu hasara imetokana na mfanyakazi mwenyewe kukosa kwa makusudi. Kumkata kijana kwa sababu mgeni aliiba zamu yake ikiendelea ni kumdhulumu. Lakini hukatwa hata hivyo, na wengi hawalalamiki kwa kuogopa kufutwa. Kijana huyo naye ana mama. Kama wizi unatokea kwenye kioski cha mtaani, hasara ni kali zaidi, kwa sababu faida ya mkate mmoja ni shilingi chache na mkate mmoja ukiibwa unameza faida ya mingine mingi. Kwa mwenye kioski sina mashaka hata kidogo: mwambie hapo hapo.

Na si kila anayeficha kitu ni mama mwenye njaa. Wapo wanaokuja kwa kazi, wawili au watatu. Mmoja anamsumbua mhudumu kwa maswali, mwingine anajaza koti lenye mifuko ya ndani, wa tatu amesimama karibu na mlango. Huchukua vitu vidogo vya bei: nyembe, losheni, pombe kali, na ndiyo, maziwa ya watoto, kwa sababu yanauzika haraka mitaani. Hao usiwakodolee macho, usiwafuate, usijifanye shujaa. Nenda kwa meneja, mweleze, urudi kwenye shughuli zako. Wakitoka wakikimbia, waache wakimbie, piga 999 au 112.

Ukimwona mfanyakazi ndiye anayeiba, kikulacho ki nguoni mwako, usimwambie mwenzake wa zamu. Mtafute meneja, au uandike kwa ofisi kuu ya duka. Wizi wa mfanyakazi dhidi ya mwajiri una kifungo cha hadi miaka 7, na huenda aliye karibu nawe amo ndani. Akiwa mtoto, jua kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Mhudumu, au wewe mwenyewe, mwambieni arudishe, muulize mzazi wake yuko wapi.

Nifike kwenye picha. Usimpe jirani. Picha yako inaonyesha mwanamke, mtoto na kopo, haionyeshi kaunta ya malipo. Ikiingia kwenye kikundi cha mtaa, kabla ya chakula cha jioni itakuwa imefika vikundi kumi vingine ikiwa na maneno ambayo hukuyaandika, na uso wa mtoto asiye na kosa lolote utabaki kwenye simu za watu miaka na miaka. Kama mama yule alilipa, umemharibia jina, naye anaweza kukushtaki kwa kumchafulia. Kama hakulipa, kundi la mtaa si mahakama, na atakayemtambua sokoni huenda akapiga ile nduru ambayo wewe ulijizuia kuipiga. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nayo inafanya kazi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na mteja huyo hakuwa hata ameshukiwa kwa lolote. Hata maduka yanayobandika nyuso za washukiwa karibu na mlango yanacheza na moto huo huo.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, ifute, pamoja na nakala iliyobaki kwenye kapu la taka la simu. Kisha kama moyo bado unakusumbua, pita pale dukani siku ya kazi asubuhi, saa ambazo hakuna msongamano, umwombe meneja dakika mbili. Usimtaje mama yule wala kueleza sura yake. Mwambie kwamba rafu ya maziwa ya watoto iko kwenye kona ambayo Jumamosi jioni haina mhudumu hata mmoja. Hilo unalijua kwa hakika, kwa sababu ulisimama hapo na hapakuwa na wa kumwambia.